Moto Tuliobeba Hadi Sake

Nyumbani kwetu hapakuwa na kiberiti. Si kwamba tulishindwa kukinunua. Mama yangu alikikataza. Moto wetu ulikuwa ukiwaka tangu mimi msichana mdogo, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hauzimi. Ukiamka asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, unafukua majivu, unatafuta kaa lililo hai, unaongeza makala, yaani makaa ya miti, unapuliza mpaka machozi yanakutoka. Nimepuliza moto ule miaka mingi kuliko niliyokaa shuleni, na nasema bila aibu kwamba niliuchukia.

Wacha nieleze, maana watu wa siku hizi wakisikia neno mwami wanafikiria mzee mwenye kofia ya ngozi anayepigwa picha na wageni. Baba yangu alikuwa mwami, mtawala wa milima yetu kule Masisi, na mama alikuwa mwamikazi wake. Sasa, kwetu mwami hafi. Ng'ombe hufa, wewe na mimi tutakufa, mwami haruhusiwi. Pumzi yake ikikatika, mke wa nyumba kubwa anamwagia maji moto wa mwami, kisha mjumbe anatoka mbio milimani na maneno mawili tu: moto umezima. Hakuna anayeuliza moto gani. Watu wanaweka majembe chini. Baadaye moto mpya unawashwa kwa jina la mrithi, na huo hauguswi na maji mpaka zamu yake yeye. Na ukishazimwa, basi. Moto wa jina lile hauwashwi mara ya pili, hata kama mwenye jina angerudi anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Naomba ulishike hilo.

Baba alipolala, ndivyo tunavyosema, mrithi alikuwa mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, bado anabebwa mgongoni. Wazee walisema alizaliwa ameshika mbegu za ulezi mkononi, alama ya mwami. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni siku ile mkunga anatoka naye, na mbegu sikuziona. Niliuliza, nikapigwa kofi.

Mtoto wa mgongoni hawezi kuamua kesi ya mpaka wa shamba. Kwa hiyo mama akakalia kiti kwa niaba yake, akavaa bangili ya shaba ya baba kwenye mkono wa kulia, na watu wa serikali wakaanza kumwita mama rejenti. Alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali. Alikuwa mkali, mama yangu. Wanaume wenye mvi walikuwa wakifika mbele yake na ugomvi wa ng'ombe, wanasema uongo wao vizuri, naye anawasikiliza mpaka mwisho akiangalia chini, halafu anarudia neno moja tu kati ya maneno yao yote, lile lililokuwa na kasoro. Mtu anaanza kujikuna. Wazee walisema masikio ya mwamikazi yanasikia hata utakachokula kesho.

Aliyeumia na mambo hayo ni baba yangu mdogo, ndugu yake baba. Yeye aliona kiti ni chake. Uasi ulipofika Masisi, sisi wengine tulikimbilia migombani, yeye alitoka kuwalaki wenye bunduki, akawachinjia ng'ombe, na baada ya muda mfupi analala kwenye nyumba yetu akilindwa na vijana wao. Mama alikusanya kaa la moto kwenye chungu, akalifunika majivu, akafunga chungu kwa kikwembe mgongoni mahali ambapo wanawake wengine hubeba mtoto. Mtoto mwenyewe nilimbeba mimi. Ndivyo tulivyoingia Goma.

Tulipata nyumba ya mbao kule Ndosho, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo yanakula viatu. Hapo mama akaendelea kutawala, kana kwamba ameketi barazani kwake. Watu walishuka kutoka milimani juu ya malori ya maharagwe, wakaingia kwenye kiwanja chetu kidogo, wakapiga magoti kati ya kamba za kuanikia nguo na choo cha jirani, wakaeleza shida zao. Moto ulikuwa kwenye babula, lile jiko la bati la makala, chini ya kibanda. Kila jirani alikuwa na babula, lakini yetu haikupikiwa sambaza, wale dagaa wa ziwani, wala haikuombwa kaa. Mwanamke wa nyumba ya pili alikuja asubuhi na kipande cha bati kuomba moto, kama watu wanavyoombana pale kila siku, mama akamwambia hapana. Mtaa mzima wakasema sisi wachoyo. Walikuwa na haki.

Aliyekuwa na mama kila siku ni Muzee. Huyu alikuwa mshauri wa baba, akawa wa mama, mtu mwenye desturi zote kichwani na kiburi cha kuzijua. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa bomu lililoanguka karibu yake kule Masisi, lakini usithubutu kumwambia. Ukisema kitu upande wa kushoto anajibu kitu kingine kabisa, kwa uhakika.

Mdogo wangu akakua. Sauti ikawa nzito, mabega yakapanuka, na wazee wakaanza kunong'ona juu ya siku ya kumkalisha kitini. Habari ikapanda milimani kumfikia baba mdogo. Niseme wazi: alitaka kumuua. Alikuwa na nyumba, bunduki na ng'ombe, lakini maadamu yule kijana anapumua na moto wake unawaka Ndosho, yeye alibaki mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwenzake, na kila bibi kizee wa Masisi alijua. Wanaume wasiojulikana walikwenda shuleni kwa mdogo wangu, wakauliza anatokea mlango gani. Mwalimu mmoja mwenye huruma akatuarifu. Kabla ya wiki kwisha mama alimpeleka Vitshumbi, kwenye ziwa la kule juu, si hili letu la Goma, kwa mama yangu mdogo aliyeolewa na mvuvi. Hakulia alipomuaga. Alimwambia aseme yeye ni mtoto wa kaka wa yule mvuvi, ajifunze nyavu, na asimwambie mtu jina.

Kisha mlima ukapasuka.

Ardhi ilikuwa ikitikisika tangu jana yake, na sisi wa Goma tumezoea kutikiswa, tunashika sahani tu. Lakini asubuhi ile Nyiragongo ilifunguka ubavuni na moto ukaanza kuteremka kuelekea mjini. Harufu ilikuwa ya kiberiti, kile ambacho hatukuwa nacho. Watu wa katikati ya mji walikimbilia mpakani. Sisi wa Ndosho tulishika njia ya magharibi, ya Sake, kila mmoja na godoro lake kichwani. Jirani yule aliyenyimwa kaa alinipa nafasi kwenye chukudu ya mumewe, lile baiskeli la mbao, nikapakia sufuria, blanketi na kidumu cha maji. Mama akaja na babula imewaka, akaifunga kwa waya juu ya mzigo wote.

Njia nzima watu walitucheka, na nani angewalaumu? Moto unatufukuza nyuma, na sisi tumebeba mwingine mbele. Kijana mmoja mwenye mbuzi begani alipiga kelele, "Mama, ule wa mlima haukutoshi?" Watu waliochoka, waliokuwa wanalia muda mfupi kabla, wakacheka mpaka wakasimama. Mama hakugeuza shingo. Mimi nilitamani waya ukatike.

Lakini si babula iliyonitisha. Sake ndiyo mlango wa Masisi. Barabara ya milima yetu inaanzia pale. Miaka yote ile tulijificha Goma mbali na baba mdogo, na sasa volkano inatusukuma kwa miguu yetu mpaka kizingitini kwake. Nilimsemesha Muzee, nikasahau nikasimama upande wa kushoto, akanijibu kwamba ndiyo, mvua itanyesha.

Sake tulipewa pembe ya darasa moja la shule, pamoja na familia nyingine nyingi. Usiku wala mchana ardhi haikutulia. Majivu yaliingia kwenye chakula. Mama aliweka babula chini ya ubao wa kuandikia, na watoto wa wengine walikuja kuota moto, naye safari hii hakuwafukuza. Nilidhani amechoka.

Mchuuzi wa samaki wa chumvi ndiye aliyeleta habari. Alisema amepishana na watu wa ziwa la kule juu, wamekimbia. Wenye bunduki wameingia kwenye vijiji vya wavuvi, wamekusanya vijana, wanauliza nani katoka Masisi. Alisema hivyo huku anapima samaki, hakujua anazungumza na nani. Mama alimuuliza Vitshumbi pia? Akajibu, Vitshumbi hasa.

Mama alirudi darasani akaketi. Nilimwona akishika bangili kwa mkono wa kushoto akiizungusha, kitu ambacho sikumwona akifanya hata siku baba alipolala. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mlima. Moto wa mlima unauona unakotoka.

Asubuhi iliyofuata baba mdogo akaja. Alikuja na gari la wazi nyuma, vijana wenye bunduki, gunia la maharagwe na mbuzi. Alipiga magoti mbele ya mama vizuri kabisa, akamwita shemeji, akampa pole ya mlima, akasema nyumba ya ukoo iko wazi, kwa nini alale chini shuleni kama mtu asiye na watu. Muda wote macho yake yalikuwa kwenye babula. Kisha akashusha sauti, akasema kwamba naye amesikia habari mbaya za ziwani. Mama akauliza ziwa lina nini na yeye. Baba mdogo akatabasamu. Akasema twende wote kwenye foni tuulize, ili mtu asije kusema mwingine kamdanganya.

Basi nikajua kwamba anajua. Na tukikataa, atajua zaidi.

Foni ilikuwa kwenye chumba cha wafanyabiashara wa maharagwe, nyuma ya soko. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wakubwa. Sisi tulizungumza kwa redio ile yenye betri ya gari na waya mrefu juu ya mti. Fundi wake alikuwa na amri moja kutoka kwa wanajeshi: Kiswahili tu. Lugha za nyumbani zimekatazwa, ili wao waelewe kila kitu. Siku zote nafikiria jambo hili. Kwa lugha yetu, yaliyotokea yasingeweza kutokea.

Mama aliketi kwenye kiti kando ya sanduku lenyewe, karibu kiasi cha kuligusa. Muzee alisimama nyuma yake. Baba mdogo alibaki mlangoni na kijana wake mmoja. Mimi fundi alinituma nje dirishani nishike mti wa waya, maana tetemeko lilikuwa limeulegeza, na hapo pembeni jenereta ya kinu ilikuwa inanguruma. Niliona midomo kuliko nilivyosikia maneno.

Fundi aliita Vitshumbi mpaka jasho likamtoka. Mwishowe sauti ya mama mdogo ikatokea, mbali, inakuja na kuondoka. Niliitambua, nikataka kuuachia mti. Mama hakumwita jina. Aliuliza tu, yule tuliyekutumia, habari yake, akasema "a vu", yaani zamu yako, kama inavyosemwa kwenye foni. Sanduku likakwaruza. Mimi nilipata "oto", nikapata "zima". Likakwaruza tena, mama mdogo anarudia, na tena "oto", na "zima". Kisha kimya, na upepo tu.

Muzee alivua kofia yake. Akasema kwa ile sauti ya mjumbe, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu:

"Moto umezima."

Mti uliniponyoka, waya ukaanguka juu ya paa, na fundi akaanza kunitukana kwamba sasa hatapata mtu tena mpaka aupande upya. Baba mdogo hakumsikiliza. Aliingia ndani, akainama mbele ya mama, akamtazama usoni. Hakumwamini Muzee, alijua habari ya sikio lake.

"Shemeji," akasema, "wewe ndiye ulikuwa karibu. Umesikia nini?"

Mama alikaa akiangalia chini, vilevile alivyokaa mbele ya wenye kesi. Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha, nikimwomba kimoyomoyo aseme hakusikia vizuri, aseme turudie kesho.

"Umezima," akasema mama.

Baba mdogo akamwambia fundi arudishe waya, aite tena, ahakikishe. Hapo mama akainua kichwa. Akamuuliza, bila kupaza sauti, anataka mama asikie mara ngapi. Chumba kizima kikaona aibu, hata yule kijana wa bunduki akaangalia viatu vyake, na baba mdogo akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia.

Tulirudi shuleni, watu wakitupisha. Kwa desturi yetu mambo matatu hufuata, na yote ni ya mchana huohuo. Mrithi akiwa hajaoa, mama yake ndiye anayezima moto kwa mkono wake, na anayenyolewa kichwa ni yeye, ili kila mtu aone kwamba kuanzia hapo neno lake ni neno la mwanamke yeyote. Bangili inakwenda kwa mwanamume wa karibu wa ukoo. Mwanamume wa karibu alikuwa amesimama pale uwanjani na gari lake.

Mimi niligoma. Nilisimama kati ya mama na babula, nikasema foni imekwaruza, mama mdogo ni mwanamke wa kukausha samaki, amejua wapi maneno ya ikulu, tuulize tena kesho, tumtume mtu. Nilisema mbele ya watu, kitu ambacho hakifanyiki. Nilisema miaka yote hii nimepuliza huu moto, nina haki ya kesho moja. Muzee alikuwa analia waziwazi, akaniambia nimwache mwamikazi afanye yake kwa heshima.

"Toka hapo," mama akaniambia. "Lete wembe."

Alimwaga maji ya kidumu chetu cha kunywa. Moto ulifanya kelele, mvuke ukapanda kwenye paa la darasa, na watoto waliokuwa wanaota moto wakakimbia wakipiga kelele. Kisha aliketi chini uwanjani, akafungua kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyingi, mvi pembeni tu. Binti ndiye anayenyoa, kwa hiyo nilinyoa. Niliuvuta wembe kwa hasira, si kwa huzuni, huzuni ilikuwa bado haijafika. Nikamkata karibu na sikio la kulia na damu ikashuka shingoni, naye hakusema hata ash. Bangili ilikataa kutoka, mkono ulikuwa umenenepa tangu aliposhika kiti. Tuliivuta kwa sabuni. Baba mdogo aliipokea kwa mikono miwili. Aliangalia babula iliyolowa, akaangalia kichwa cha mama, akapumua kama mtu aliyeshusha gunia. Akaamuru vijana wake wapande gari, akasema kazi ya kule ziwani imekwisha, waliopo huko warudi. Aliwaambia hivyo mbele yetu, bila kuficha.

Walipoondoka, uwanja ulibaki na watu wetu wachache kutoka milimani. Walimpita mama mmoja mmoja wakimpa pole. Hakuna aliyepiga goti. Mwanamke mmoja ambaye mama aliwahi kumrudishia shamba lake alimpita bila neno, akatema mate pembeni, kwa sababu sasa shamba lile litarudi kwa watu wa baba mdogo. Mama aliona.

Nilimwongoza mpaka nyuma ya darasa, kwenye ukuta wenye jua. Alikuwa anagusa kichwa chake, anagusa, kama hakikuwa chake. Nikasubiri alie. Akasema anasikia njaa.

Nilidhani sikumwelewa. Akarudia, akaniuliza kama yule jirani ana ndizi zilizobaki. Nilileta. Akazila zote, na sambaza waliokauka, na akaramba vidole. Ndugu yangu amekufa, moto umemwagiwa maji, milima imekwenda, na mama yangu anauliza kama kuna nyingine. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho akiangalia chini.

"Mama yako mdogo alisema nini?" akaniuliza.

"Moto umezima."

"Muzee ana sikio moja. Wewe ulikuwa na jenereta. Mimi nilikuwa na masikio yangu yote." Akanisogelea. "Alisema, mutoto muzima. Alisema mara mbili. Mutoto muzima."

Nitasema ukweli: kabla ya kufurahi nilikasirika. Kwanza kwa ajili ya wembe. Halafu kwa ajili ya milima, na ng'ombe, na nyumba yetu, na yule mwanamke wa shamba, na macho yangu yaliyoharibiwa na moshi kwa ajili ya kiti ambacho yeye amekitupa kwa neno moja. Nilimuuliza, na watu je? Si ulikuwa ukituambia watu wale ni watoto wako? Hakujitetea. Alisema watu wamepata mwami, ni mbaya lakini wamempata. Mtu aliyezimiwa moto hawindwi tena, kwa sababu hata akirudi hawezi kuwa kitu. Alisema Muzee alipolisema lile neno kwa kosa, yeye aliona mlango umefunguka, na hakujua kama utafunguka tena. Kisha ndipo alipolia. Alilia kwa ajili ya moto wenyewe, akaniambia hakudhani utapiga kelele vile.

Tulirudi Goma watu walipoanza kurudi. Katikati ya mji mawe yalikuwa bado ya moto, huwezi kusimama mahali pamoja, na mitaa niliyoijua ilikuwa chini yake. Nyumba yetu ya Ndosho ilikuwepo. Siku ya kwanza mama alinituma dukani kununua kiberiti. Nililia njiani kama mpumbavu. Asubuhi yake yule jirani akaja na kipande chake cha bati, kwa mazoea ya kututania, na mama akamchotea makaa mawili makubwa, ya juu kabisa.

Mdogo wangu tulimwacha ziwani mpaka tulipokuwa na hakika. Alirudi ananuka samaki, ndevu zimeanza. Siku za kwanza walikuja watu wa baba mdogo kumwangalia. Waliketi, wakanywa chai, wakamwita kijana, wakaenda zao. Muzee alimpapasa uso mzima kwa mikono miwili. Akaniuliza mimi, akinielekezea sikio zuri, kwamba basi siku ile mama mdogo alisema nini? Mama akawahi kumjibu yeye mwenyewe: wewe ulisikia vizuri, foni ndiyo iliyokosea. Muzee alikufa akiamini hivyo.

Mdogo wangu hakushukuru. Alimwambia mama, ungeniuliza. Kwa muda mrefu alisema hivyo kila walipogombana. Leo ana karakana Majengo, anatengeneza chukudu na pikipiki, ana mke anayemfokea kwa sababu hajui kuwasha babula, anamaliza kiberiti kizima. Kila Jumapili anakuja Ndosho kumwona mama, ambaye sasa ni mzee sana na nywele zimerudi nyeupe zote. Anainama mlangoni, na mama, akiwa ameketi kwenye kigoda, anamsalimu kama watu wote wa mji huu wanavyosalimiana.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, mama."

Masikio yake hayana shida yoyote. Juzi alinisikia nikinong'ona na jirani ng'ambo ya ukuta. Lakini mdogo wangu akimjibu, mama anaweka mkono nyuma ya sikio la kulia, pale penye kovu la wembe wangu, na kumwambia hakusikia, aseme tena.